Futresti ya Mguu wa Kushoto

Mimi si mtu wa kukubali kwamba sijui. Nalisema hilo mapema, maana ndilo lililomponza mwenzangu. Ukiniuliza njia ya mahali nisipopajua nitakunyooshea kidole, na ukinipa mashine nisiyoifahamu nitaizunguka mara mbili, nitasema "hii ni kitu kidogo," kisha nitabaki nayo nikimwomba Mungu. Mama yangu alinisema sana kwa tabia hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akiniambia kuuliza si ujinga, nami namjibu kwamba fundi haulizi, fundi hufungua.

Kwa hiyo siku mudir, yaani bosi wetu, aliposimama mlangoni mwa gereji yetu pale Industrial Area ya Doha, akaniuliza kama najua pikipiki, nilimjibu kabla hajamaliza. Nilimwambia nimezitengeneza miaka saba mjini Voi, kando ya barabara kuu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini pale kazini nilikuwa fundi wa pampu za maji na jenereta, na kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza nilichokuwa nikijua kabla ya kupanda ndege. Mtu akikuuliza swali kama hilo ukiwa mbali na kwenu, unalijibu kwa kifua.

Mudir hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amchukie kwa ajili yangu. Alikuwa na umri kama wangu, sauti ya chini, na mazoea ya kusahau funguo zake juu ya mashine. Katika safari zake za ng'ambo alikuwa ameona mbio za pikipiki zinazoitwa spidwei, zikamwingia kichwani. Ni mbio za kuzunguka uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Pikipiki hizo zina gia moja na hazina breki. Sisemi breki mbovu, nasema hazina kabisa. Kona zote ni za kushoto, na mpandaji huzikata kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze huku mguu wake wa kushoto ukiburuzika chini, umevaa kiatu cha chuma. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Alikuwa amesawazisha uwanja wake mwenyewe shambani kwake, upande wa kaskazini, na alikuwa na pikipiki mpya aliyoiweka hukohuko. Misimu miwili ya baridi aliizunguka peke yake. Mwisho akachoka, kwa sababu mbio za mtu mmoja si mbio. Akaagiza ya pili, kuukuu kidogo na yenye nguvu ndogo, ya mtu anayejifunza. Sasa alihitaji mtu wa kuipanda ili amkimbize.

Mtu huyo alikuwa analala kitanda cha juu yangu. Tulikuwa sita chumbani, yeye wa Bungoma, na mimi nilimwita jirani kwa sababu ya vitanda vyetu. Yeye aliniita fundi. Kwao alikuwa ameendesha bodaboda, lakini Doha alikuwa askari wa getini, kwenye lango la yadi ya kampuni yetu, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, amesimama. Miguu yake ilikuwa ikivimba. Akivua buti jioni chumba kizima kilijua, tukamcheka, naye akacheka na kutuonyesha alama ya soksi iliyozama kwenye nyama. "Mimi sitaki makubwa," alikuwa akisema. "Nataka kazi ya kukaa tu."

Na kazi hiyo alikuwa ameipata. Hoteli moja ilimtaka awe dereva wa wageni. Alikuwa amepita mtihani wao wa kuendesha, akaonyeshwa hadi sare. Kilichobaki ni rilisi, ile barua ya mwajiri ya kukuachilia uende kwa mwingine, maana miaka ile hukuhama kazi bila hiyo. Alikuwa ameiomba ofisini mara tatu na mara tatu akaambiwa bukra, yaani kesho, na bukra ya ofisi ile haikuwa na siku ya pili. Sasa mudir mwenyewe alimwita langoni akampa ahadi: njoo unikimbize, siku utakayomaliza mizunguko minne nyuma yangu bila kuanguka, nitaitia sahihi hiyo barua.

Jirani alikuja chumbani akiwa hatulii. Aliketi, akasimama, akaketi tena.

"Mizunguko minne," aliniambia. "Fundi, mimi nimebeba watu watatu na mbuzi kwenye matope ya Mei. Mizunguko minne ni nini?"

"Haina breki," nikamwambia.

"Haina breki aje?"

"Haina. Ukitaka kusimama, omba dua."

Alinitazama aone kama namtania. Kisha akasema basi ataomba, rilisi ikishapatikana ataomba na kushukuru kwa pamoja.

Pikipiki ililetwa kwangu gereji bila futresti, yaani vile vyuma viwili vya kukanyagia. Aliyeiuza alikuwa ameziondoa, halafu akatuma mfuko wa futresti za namna mbalimbali ili mwenye mali achague. Mudir aliumwaga mfuko ule juu ya meza yangu. Akaniambia, kwa Kiarabu chake chenye Kiingereza ndani, nichague zinazomfaa mtu anayeanza. Nilisema mafi mushkila, hakuna shida. Neno hilo nimelitumia Doha mara nyingi kuliko jina langu.

Zilikuwa jozi tatu. Jozi ya kwanza ilikuwa ya vyuma vifupi vyenye meno. Ya pili ilikuwa ya vyuma vipana, vimevikwa mpira, kama vile tulivyozoea kwetu. Ya tatu ilinichekesha, kwa sababu vyuma vyake havikulingana: cha kulia kirefu na chenye meno makali, cha kushoto kifupi, chembamba, na juu ya hayo kimelegea. Ukikisukuma kutoka chini kinakunjika kwenda juu, ukikiachia kinarudishwa na springi. Nilikikunja na kukikunjua mara kadhaa. Nilimwambia jirani kwamba mudir ameuziwa chuma kilichochoka.

Nilimkalisha juu ya pikipiki, nimeiinua kwa makopo mawili ya rangi. Nilichukua uzi, nikapima kutoka nyonga hadi goti, kutoka goti hadi kisigino. Alikuwa na miundi mirefu. Nilimwambia ainame kama atakavyoinama, aegemee kushoto, atoe mguu, arudishe. Alifanya yote huku akitoa mdomoni sauti ya injini, na Mnepali tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja akacheka hadi akaketi chini. Ilikuwa siku nzuri. Kuna siku za kule ninazozikumbuka kwa hasira, lakini ile siku ya uzi na makopo ya rangi siwezi kuikasirikia, hata nikijaribu.

Ya kulia niliipatia, hilo sitamwachia mtu aniondolee. Niliona kwamba mguu wa kulia ndio utakaobaki juu muda wote, uzito wote wa mtu uko hapo, basi nikachagua ile ndefu yenye meno, nikairudisha nyuma vidole viwili kwa ajili ya miundi yake. Alipokanyaga, goti lilikaa mahali pake. Alisema hapo ni kama pamechongwa kwa ajili yake.

Ya kushoto ndiyo iliyonisumbua. Zile imara, za jozi mbili za kwanza, hazikuingia kwenye tundu la fremu. Iliyoingia ilikuwa ile iliyolegea peke yake. Fundi mwingine angejiuliza kwa nini. Angesema, kama ndiyo pekee inayoingia, pengine ndiyo iliyokusudiwa. Mimi nilifikiri kwa kichwa cha Voi. Kwetu pikipiki ikitoka dukani, kabla haijabeba hata abiria mmoja, mwenyewe huileta kwa fundi aifunge. Kuifunga ni kuchomelea futresti zisikunjike na kuongeza kipande cha nondo chini yake, kwa sababu futresti inayocheza humwangusha mama na mtoto wake mgongoni. Nilifunga pikipiki nyingi kwa mkono huu. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba futresti yake ni imara mno.

Ningeweza kumwomba mudir anipigie picha ya ile pikipiki yake shambani nione yake ikoje. Lingekuwa jambo la dakika moja. Lakini kuomba picha kungekuwa kusema sijui, na mimi nilikuwa nimeshasema najua.

Basi niliifunga. Niliiondoa springi, nikachomelea kiungo, nikaweka na nondo chini, nikasaga hadi ikang'aa. Niliigonga nyundo mara tatu. Jirani akaipiga teke kwa buti lake la uaskari.

"Hii haiendi popote," alisema.

Mudir alikuja Alhamisi na pikapu. Aliikanyaga kutoka juu kwa uzito wake wote akasema qawi, imara, akanipiga bega. Kutoka juu hata ile yake isingekunjika, kwa hiyo hakuona kitu. Nadhani hata yeye hakuwahi kuitazama ya kwake. Aliondoka na pikipiki, nami nililala siku hiyo nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya kupumzika, lakini nyumba fulani za Al Wukair zilikuwa zimekosa maji tangu asubuhi, tukatumwa mimi na Mnepali. Jirani alichukuliwa na gari la mudir. Mbio zingeanza saa tisa, baada ya sala na chakula. Alipanda gari amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, na alinipungia mkono dirishani kama mtu anayekwenda harusini.

Saa saba tukakaa kivulini kula. Simu yangu ilikuwa ile ya tochi, lakini Mnepali alikuwa na ya kioo. Nikamwomba anitafutie hizo mbio nione jirani atakuwa anafanya nini huko, tumcheke akirudi. Akatafuta, akaipata video, tukainamia simu wote wawili.

Pikipiki nne zilikuwa zikiingia kwenye kona. Zililala upande wa kushoto, zikalala zaidi, hadi injini karibu iguse udongo. Iliyokuwa nyuma ikapita karibu na kamera. Nikaona chuma chake cha kushoto kikigusa chini, kikajikunja kwenda juu bila fujo yoyote, na ilipoinuka kikarudi mahali pake.

Nilimwambia Mnepali arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Mara ya tano aliniuliza kuna nini, nami nikauweka mkate chini. Chuma kinachokunjika kikigusa udongo kinapisha. Chuma kisichokunjika kinachimba. Kikichimba, pikipiki imepata mti wa kujikwaa, na mtu hana breki, hana gia, hana kitu cha kushika ila hewa.

Nilimpigia jirani. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilipiga mara nne, na mara nne yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia yale yale kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Kwenda huko nisingeweza. Shamba lilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja, sikujua njia, na basi la kampuni lingekuja kutuchukua saa kumi na moja. Ningesimamisha teksi nimwambie dereva anipeleke wapi? Nilizunguka lile tangi la maji, nikarudi, nikalizunguka tena.

Nilikuwa na nambari ya mudir. Alikuwa amenipigia siku moja kuhusu jenereta nami nikaihifadhi, lakini mimi sikuwahi kumpigia yeye. Mfanyakazi wa chumba cha watu sita hampigii mudir simu Ijumaa akiwa shambani na wageni. Hata hivyo hilo silo lililonizuia, na sitajificha nyuma yake. Kilichonizuia ni karatasi yangu. Miaka ile hata likizo hukutoka nchini bila ruhusa yenye sahihi ya mwajiri, na yangu ilikuwa mezani kwake wiki hiyo. Safari yangu ilikuwa imebakiza siku kumi na nne. Binti yangu nilimwacha akitambaa, sasa alikuwa anazungumza, na kwenye simu aliniita mjomba.

Ningemwambia nini? Kwamba fundi niliyejisifu kwako nimeiharibu pikipiki yako? Kiarabu changu kilikuwa cha pampu: maji hakuna, maji mengi, imekatika, bukra. Nilitafuta maneno ya kusema chuma kitachimba ardhi, sikuyapata. Nikapiga moyo konde, nikabonyeza. Ikaita mara moja. Ikaita mara ya pili. Nikakata.

Nilisimama pale nikiishika simu. Nilijiambia kama atapiga, nitasema. Hakupiga. Nilijiambia mtu wa siku ya kwanza hawezi kulala kama wale wa kwenye video, atakwenda polepole, ataogopa, na mwoga hulala kidogo. Nilijua namdanganya nani. Jirani hakuwa mwoga, na alikuwa na barua yake mwisho wa mzunguko wa nne. Mnepali aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu mafi mushkila. Nikarudi kwenye pampu. Ilikuwa ni waya uliochomoka tu.

Jioni kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Dereva wa mudir ndiye aliyeleta habari: jirani alikuwa amemaliza mizunguko mitatu. Mitatu kamili, tena vizuri, mudir akiwa mbele yake kwa urefu wa gari moja. Kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa nne alilala kama mtu anayejua, na pikipiki ikasimama wima ghafla ikamrusha, kisha ikamwangukia mguu wa kushoto. Watu wa chumbani walisema masikini, walisema pole, wakaulizana itakuwaje. Mimi niliingia bafuni nikafungua bomba. Nililia kwa aibu, na aibu haimponyi mtu mguu.

Nilipomwona hospitalini mguu ulikuwa umetundikwa, vyuma vimechomoza nje ya ngozi kuanzia goti hadi kifundo. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu.

"Fundi," alisema, "na mimi wamenichomelea."

Nilicheka. Sijui nilicheka vipi, lakini nilicheka. Nikamwuliza ilikuwaje, akasema aah, kona ilimshinda. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Nilikuwa nimeyarudia maneno ndani ya basi, yote, la futresti na la simu. Halafu akaniomba nimkune unyayo, maana haufikii, nikamkuna, na maneno yakapita.

Mudir alikuja na kikapu cha matunda. Aliketi kwenye ukingo wa kiti bila kuegemea, akamshika jirani mkono, na kwa uso wake niliona anaumia kweli. Alimwuliza kama pikipiki ilikuwa na kasoro. Jirani alinitupia jicho, kisha akamwambia pikipiki ilikuwa sawa, ni yeye aliyekosa kuipinda. Mudir akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ilikuwa sawa. Kichwa tu, hata sauti sikutoa.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye lifti. Pale akakumbuka jambo, akatoa simu yake akaitazama.

"Ulinipigia Ijumaa?"

"Ghalat, mudir," nilisema. Kosa. "Imejipiga yenyewe mfukoni."

Akasema khalas, hakuna neno. Lifti ikafunguka, akaingia, na siku iliyofuata ruhusa yangu ilitoka na sahihi yake. Nilikwenda likizo. Binti yangu alijificha nyuma ya mama yake siku mbili, siku ya tatu akaniita baba. Nilimbeba hadi dukani na kurudi, naye akipiga miguu yake kwenye mbavu zangu. Miguu yake miwili mizima niliihisi kila hatua.

Nilirudi nikamkuta jirani ametoka hospitali, anatembea kwa magongo, goti halikunjiki. Hoteli ilikuwa imeshampata dereva mwingine. Rilisi haikuwa na kazi tena, kwa sababu hakuna aliyemhitaji, na getini hawezi kusimama. Mudir aliufunga uwanja wake, pikipiki zote mbili zikaletwa kwangu zifunikwe turubai. Jirani alikatiwa tiketi ya kurudi Kenya. Siku moja kabla ya safari alikuja gereji kwa magongo yake, polepole, akaniomba jambo moja.

"Nikatie kile chuma cha kushoto," alisema. "Nataka kwenda nacho."

"Cha nini?"

"Ukumbusho."

Nilikikata kwa msumeno wa umeme. Cheche ziliruka na mimi sikuvaa miwani, na nilishukuru kwamba macho yalikuwa na sababu ya kutoa machozi. Alikifunga kwenye fulana, akakitia ndani ya begi lake.

Nilikaa Doha miaka minne mingine. Nilimpigia simu mara nyingi mwaka wa kwanza, haikupokewa. Baadaye ikaanza kupokewa, tukazungumza habari za mvua na za watoto. Nilipomaliza mkataba wangu wa mwisho nikarudi nyumbani moja kwa moja, nilijiambia kwamba hata nguo sitazitia kabatini kabla sijakwenda Bungoma. Nilikwenda baada ya miezi saba.

Alikuja kunipokea stendi kwa pikipiki. Alikuwa amerudia bodaboda. Goti lilikuwa gumu kama nilivyoliacha, gia anazibadilisha kwa kisigino, na amenenepa. Tulikumbatiana. Akaniambia nipande, nyumbani kwake si mbali, shemeji amechinja kuku. Niliinua mguu kutafuta pa kukanyaga upande wa kushoto, na nikaona nondo yangu.

Ilikuwa imechomelewa hapo kwa ajili ya abiria. Mshono wangu ulionekana, na pale nilipokikata kule gereji, fundi mwingine alikuwa ameunganisha, kazi ya ovyo. Nilibaki mguu ukiwa hewani.

"Umeitambua," alisema bila kugeuka.

"Nimeitambua."

Hakuwasha. Stendi ilikuwa na kelele zake, watu walitupita na mizigo, yeye akitazama mbele.

"Jirani," nilisema, "ile futresti ilitakiwa kukunjika. Mimi ndiye niliyeifunga. Mguu wako ni mimi."

Kisha akasema, "Nimekungoja miaka minne na zaidi useme hivyo."

Akanieleza. Alipoanguka pale uwanjani alilala ubavu, hawezi kusogea, na mudir alikuwa amerudi akaiangusha pikipiki yake chini mchangani na kumkimbilia. Ikawa imelala mbele ya uso wake, karibu kama sahani ya chakula. Alikuwa hana kingine cha kutazama. Akaiona ile futresti ya kushoto, ndogo, ina springi, imekunjwa na mchanga. Akaelewa yote hapo hapo, kabla hata maumivu hayajafika.

"Kwa nini hukumwambia mudir?"

"Nimwambie iweje? Wakurudishe na wewe, tuwe wawili nyumbani bila kazi?" Akatema mate pembeni. "Lakini nilikukasirikia. Usidhani sikukasirika. Ule mwaka nilikuwa nakuona ukipiga, naiacha iite hadi ichoke. Nilikuwa nasema huyu mtu anajifanya anajua kila kitu, na mguu ni wangu."

"Una haki."

"Halafu nikafikiri." Sasa aligeuka akanitazama, uso umelegea, na nikaona kwamba alikuwa amelifikiri jambo hili kwa muda mrefu na lilikuwa limempa amani. "Nikasema, fundi hakujua. Asiyejua utamshika na kosa gani? Nikaifunga hapa ili siku ukija uikanyage mwenyewe, useme, tumalize. Umesema, yamekwisha. Maana mimi nakujua wewe. Ungejua kabla sijapanda, ungenipigia simu. Si ungenipigia?"

Ningeweza kumwambia nilipiga. Mara nne, na yake ilikuwa imezimwa, nayo simu iliyozimwa haimwonyeshi mtu nani alimtafuta. Huo ulikuwa ukweli. Lakini ukweli huo ulikuwa na mkia, na mkia wake ni simu ya pili, ile ya mudir iliyoita mara mbili nikaikata. Nilimtazama usoni. Nilifungua mdomo. Alikuwa akinisubiri huku akitabasamu, mkono umeshika ufunguo.

"Ningekupigia," nilisema.

"Basi panda, kuku atapoa."

Akawasha. Nikaweka mguu wa kushoto juu ya ile futresti, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote, nayo haikutikisika.